Tunywe ama Tusinywe?

Mama Ziro aliambiwa aandike jina kwenye kitabu cha wageni kabla ya kuruhusiwa kuposa.

Jamani! Mama wa watu amejifunga leso mpya, amejipaka mafuta ya nazi mpaka shingo inang'aa, ametoka Minjila jua halijakaa vizuri kwenda kumuombea mwanawe mke. Anafika Garsen, kwenye geti la kampuni ya maziwa ya Chanuo, askari anamsukumia kalamu.

"Jina. Namba ya simu. Sababu ya kuja."

"Sababu?" Mama Ziro akamgeukia mwanawe. "Niandike nini?"

"Andika 'binafsi', mama."

"Binafsi vipi, na mimi nimekuja na watu?" Akainama, akaandika kwa herufi kubwa: POSA.

Askari alisoma, akauma midomo asicheke, akampa beji ya kubana kifuani kwa pini. Beji nyekundu. Imeandikwa MGENI.

Nyuma yao alisimama mjomba Pekeshe, kreti ya soda ya machungwa begani, jasho linamtiririka. Kwao Giriama kinywaji cha posa ni pombe ya mnazi. Lakini Darmi, msichana anayeposwa, ni Muorma, Muislamu, na Ziro mwenyewe alishasilimu kwa ajili yake, akaitwa Abdullahi. Kwa hivyo Mama Ziro aliamua soda. "Mungu anajua tulichomaanisha," alisema, "na rangi yake inachangamka."

Kreti nayo ikaandikwa kwenye kitabu kingine. Kila kinachoingia Chanuo lazima kiandikwe.

Mtauliza, posa inapelekwaje ofisini? Muulizeni Ami Dadacha. Baba yake Darmi alishafariki, na huyu ndugu ya baba ndiye mwenye kumuozesha. Ziro alipotuma salamu kwamba anataka kuleta wazee, Ami Dadacha alijibu hivi, na watu wakamsikia: "Nyumbani kwangu msichana haiko. Iko CEO. Posa ya CEO iletwe ofisini, kwa bodi."

Watu walicheka wakadhani ni utani. Haukuwa utani.

Ami Dadacha alikuwa meneja wa Chanuo miaka na miaka. Enzi zake meneja ni yule mwenye ufunguo wa stoo shingoni. Anakaa, anasaini, anafokea watu, basi. Halafu Darmi akarudi kutoka chuo Mombasa, akaanza kuwapigia simu wafugaji mpaka malishoni, akaongea redioni kwa Kiorma na Kiswahili, akabishana na wanunuzi wa Malindi mpaka wakaongeza bei. Kina mama wanaoleta maziwa wakasema wanamtaka huyo. Darmi akawa CEO, Ami Dadacha akapewa uenyekiti wa bodi ili asilie. Ufunguo alirudisha. Uchungu akabaki nao.

"Zamani meneja ni mtu ya ufunguo," huwa anasema. "Siku hizi meneja ni mtu ya mdomo."

Asubuhi hiyo alishuka mwenyewe mpaka getini kuwapokea wageni. Aliwasalimia vizuri tu, akamshika Ziro bega.

"Nawaambia kitu moja, msipate aibu. Huyu si msichana ya kufunika uso. Huyu ni CEO. Akitaka, atasema. Asiposema, msimsumbue mtoto ya watu. Mumenielewa?"

"Tumeelewa, mzee," Ziro akasema. Tena akashukuru! Maskini, akashukuru.

*

Ghorofani, Darmi alikuwa anasikiliza ujumbe wa sauti kwa mara ya nne, simu imebanwa sikioni chini ya mtandio. Ni shangazi Fahima.

"Darmi mwanangu, ami yako amelainika. Nakuambia amelainika! Amesema atakubali, ila anataka heshima yake mbele ya wazee. Ukiulizwa, usifungue mdomo. Nyamaza kama mama yako alivyonyamaza, kama mimi nilivyonyamaza. Ukisema ndiyo mbele ya wanaume watasema ulishajiuza kitambo. Kimya chako ndiyo ndiyo yako. Unanisikia? Kimya tu, mama."

Darmi alibusu simu. Kweli aliibusu, mafuta ya midomo yakabaki kwenye kioo. Tangu siku Ziro alipoivuta gari ya maziwa kutoka kwenye tope la mafuriko, akiwa peku, akimcheka kwa vile alivyokuwa akiwafokea madereva, amekuwa akiisubiri siku hii. Jana Ziro alimpigia: "Mama atakuuliza swali moja tu. Ujibu vile moyo unasema."

"Nitajibu, usijali," alimwambia.

Na alikuwa na jibu. Mwali akiulizwa na akanyamaza, amekubali. Nani asiyejua?

Kikao kilianza. Stima ilikuwa imepotea, feni imekufa, wakurugenzi sita wazee wanajipepea kwa makaratasi. Ami Dadacha akapitisha ajenda haraka haraka kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Kununua tangi mpya. Nani anapinga?" Kimya. "Imepita. Kufunga kituo ya Bura wakati ya mvua. Nani anapinga?" Kimya. "Imepita."

Halafu akavua miwani, akaifuta kwa shuka lake, akatabasamu.

"Sasa mengineyo. Waleteni."

Mlango ukafunguliwa. Ziro aliingia wa kwanza, kanzu nyeupe inamuishia juu ya vifundo vya miguu, kofia imekaa upande. Macho yake yalimtafuta Darmi palepale, yakampata, yakakataa kutoka. Darmi alihisi joto likimpanda mpaka kwenye ncha za masikio. Ni mtu mmoja tu duniani anayemuangalia hivyo, kama kwamba chumba kizima ni giza na yeye ndiye dirisha.

Viti havikutosha. Mama Ziro alipewa kiti cha plastiki pale mlangoni, karibu na ndoo ya kufagilia.

"Hawa ni wauzaji wa nini?" mkurugenzi mmoja akauliza, na anajua vizuri. Wengine wakacheka.

"Wazee," Mama Ziro akasimama, "hodi tulishapiga chini, tukaandikwa. Mimi nina jiko lina moto, halina mwenyewe. Nimekuja kuomba mwenyewe."

"Kazi gani?" akauliza Ami Dadacha.

"Kazi?"

"Hii ofisi, mama. Mtu hapana chukuliwa hapa bila kusema kazi. Unataka CEO yetu akupikie muhogo?"

"Muhogo atapika Ziro. Anajua kuupika kuliko mimi."

Wazee wawili wakacheka, na safari hii walicheka naye. Darmi aliinamisha uso, tabasamu limemshinda. Ami Dadacha hakupenda.

"Kijana. Jina yako nani? Ziro ama Abdullahi?"

"Msikitini naitwa Abdullahi, mzee. Nyumbani Ziro."

"Na hapa?" Kidole chake kikanyooka mpaka kwenye kifua cha Mama Ziro. "Soma. Hapa ni nani?"

Ziro aliisoma beji. "Mgeni."

"Sema kwa nguvu. Wazee wengine hawasikii."

"Mgeni!"

Kalamu ilimdondoka Darmi mkononi. Alitaka kusimama. Alitaka kupiga meza kama anavyoipiga akibishana na watu wa Malindi. Lakini shangazi alisema kimya, na ami amelainika, na labda huku ndiko kulainika kwake. Akakaza meno. Vumilia Darmi, vumilia, ni dakika chache tu.

Mama Ziro hakutetereka. Alitoa chupa moja kwenye kreti, akaivusha chumba kizima, akaisimamisha mezani mbele ya Darmi. Chupa ilikuwa imetoka jasho kama yeye.

"Mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa laini mpaka makaratasi yakaacha kupepea. "Kwetu sisi mwenye harusi ni wewe. Hawa wazee wako ni mashahidi. Kinywaji hiki kikinywewa na watu wa kwenu, wewe ni mtoto wangu, hata mbingu ianguke. Kisiponywewa, tunakibeba tunarudi nacho. Nitakuuliza mara tatu. Tunywe ama tusinywe?"

Darmi aliteremsha macho. Akavuta mtandio mpaka puani, taratibu, kama alivyosikia mama yake alivyofanya. Ndani ya kifua moyo ulikuwa unapiga kelele: nyweni! Nyweni yote, nyweni mpaka mwisho!

Kimya.

"Mwanangu, tunywe ama tusinywe?"

Kimya. Chini ya kitambaa Darmi alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka kwa furaha. Ziro aliona kitambaa tu.

"Darmi?" Ziro akaita kwa sauti ndogo. "Sema tu. Neno moja."

Ah, vile alivyoliita jina lake! Karibu anyanyue uso. Karibu.

"Kwa mara ya mwisho, mwanangu. Tunywe ama tusinywe?"

Kimya kikajaa chumba mpaka ukasikika mlio wa pikipiki barabarani.

"Basi," Ami Dadacha akasema. "Mumesikia."

"Mbona sisi hatujasikia kitu?" mjomba Pekeshe akauliza.

"Ndiyo hiyo. Mumesikia kitu haiko. Niliwaambia nini kule chini?"

Mama Ziro aliichukua chupa yake, akairudisha kwenye kreti. Darmi alisikia viatu vikitoka, kiti cha plastiki kikisogezwa, mlango ukifungwa, na bado alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri. Alidhani wageni wanatoka ili wazee wapange mahari. Alidhani sasa hivi mtu atapiga dua.

Katibu wa bodi akakohoa. "Mwenyekiti, niandike vipi?"

"Andika: mkurugenzi aliulizwa, hakukubali."

Mtandio ukaanguka mabegani. "Ami! Mimi nimekubali!"

"Ulisema nini?"

"Nilinyamaza!"

"Ehe."

"Ami, wewe mwenyewe unajua mwali akinyamaza..."

"Msichana." Ami Dadacha alivaa miwani yake taratibu. "Msichana akinyamaza, amekubali. Wewe ni msichana? Siku ya kwanza kwa kiti hiyo nilikuita binti yangu. Ulisema nini mbele ya watu? 'Hapa niite mkurugenzi.' Nikaita. Leo nauliza, mkurugenzi akinyamaza, hiyo ni nini?"

"Shangazi alisema wewe ndiye unayetaka ninyamaze!"

"Nilimtuma. Nilitaka kuona kama bado uko na adabu." Akamtazama kwa upole, upole wa kisu kilichonolewa. "Uko nayo. Asante, binti yangu."

"Tangi mmelipitisha kwa kimya! Bura mmeifunga kwa kimya!"

"Hiyo kimya ya watu hawana mdomo. Wewe si ndiye mtu ya mdomo?"

Hakuna mkurugenzi aliyeinua macho. Na Darmi akatoka mbio, ngazi mbili mbili, viatu vya visigino akaviacha kwenye ngazi.

*

Pale getini kulikuwa na kreti chini na askari amesimama juu yake kama kuku juu ya mayai.

"Wako wapi?"

"Wamevuka barabara, mkurugenzi. Walitaka kutoka na kreti nikawakatalia. Hawana geti pasi."

"Geti pasi ya nini? Kreti ni yao!"

"Mkurugenzi, si ni sheria yako? Hakuna kitu kinatoka bila sahihi ya CEO."

Ilikuwa sheria yake kweli. Aliiweka wakati mitungi ya maziwa ilipokuwa inaibiwa, wafanyakazi wakampigia makofi.

Alivuka barabara peku, lami inamchoma. Ziro alikuwa ameshapanda pikipiki, mama yake nyuma, Pekeshe kwenye boda ya kukodi.

"Ziro! Ziro, nilisema ndiyo!"

"Wapi?" Hakupandisha sauti. Afadhali angepiga kelele. "Ulisemea wapi, Darmi? Mimi nilikuwa mle ndani."

"Kwetu ukinyamaza ndiyo umekubali. Wewe Muislamu sasa, nilidhani unajua!"

"Nimefundishwa kuswali. Kuoa sijafundishwa." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Ami yako alitushika hapa hapa akatuambia, huyu ni CEO, akitaka atasema."

"Alinidanganya. Alinitumia shangazi aniambie ninyamaze. Ziro, niangalie. Walahi alitupanga, wewe huku na mimi kule!"

Ziro alimuangalia. Alimuangalia muda mrefu, na Darmi aliona anavyoelewa, uso ukifunguka kidogo kidogo kama dirisha lililokwama. Akashika usukani wa pikipiki pale Darmi alipouweka mkono wake.

"Kwa hivyo ilikuwa ndiyo," akanong'ona.

"Mara tatu."

"Basi nimekuelewa."

"Rudi basi! Twende juu nikaseme mbele yao, nipige kelele mpaka..."

"Darmi, bei ya lita moja ya maziwa ulibishania kutwa nzima. Wanaume wa Malindi walitoka wakiomba maji. Leo wamenitusi, ukanyamaza. Wamemfanya mama yangu asomwe kifuani kama gunia, ukanyamaza. Hiyo nayo ilikuwa ndiyo?"

Darmi aliitazama miguu yake peku juu ya lami.

"Nikirudi, nimrudishe akaandike jina tena?"

Mama Ziro alikuwa anahangaika na pini kifuani. Beji ilitoka na uzi wa leso mpya. Akaiweka kwenye kiganja cha Darmi, akamkunjia vidole mwenyewe, kama mtu anayempa mtoto peremende.

"Chukua, mwanangu. Isije ikasemwa nimeiba."

"Mama, nisamehe. Sikujua kwenu lazima niseme."

"Na mimi sikujua kimya cha kwenu. Kwetu msichana akinyamaza, amemuonea mtu huruma, hataki kumtukana kwa mdomo." Akamfuta chozi kwa pembe ya leso, na huruma ile iliuma kuliko kofi. "Kinywaji kikikataliwa hurudi nyumbani. Changu hata kurudi kimekatazwa. Ziro, twende."

Kabla ya kuondoka Ziro alikunja kioo cha pikipiki kikatazama juu mbinguni, asije akamuona nyuma yake. Vumbi la upande wa Minjila likawameza.

*

Alirudi. Angeenda wapi? Geti lilikuwa wazi na kreti haipo.

"Nimeipeleka ndani," askari akasema. "Mwenyekiti ameagiza. Joto."

Darmi alisikia kabla hajafika: pss, pss, vizibo vikifunguka. Alisukuma mlango na akawaona. Wakurugenzi wote sita, kila mmoja na chupa yake, masharubu yamekuwa rangi ya machungwa. Ami Dadacha alikuwa ameshaimaliza ya kwanza na ameshika ya pili.

"Njoo, mkurugenzi. Iko yako moja."

Darmi alisimama tu. Halafu polepole, jamani, polepole, likamjia.

"Ami. Mmekunywa."

"Soda ni soda."

"Alisema mbele yenu. Kikinywewa na watu wa kwenu, wewe ni mtoto wangu, hata mbingu ianguke. Mlikuwa hapa. Mmekunywa."

Chupa zilianza kushuka kutoka midomoni, moja baada ya nyingine. Mzee mmoja akaitema aliyokuwa nayo mdomoni kwenye leso yake ya mfukoni. Na Ami Dadacha akaiweka ya pili mezani, akaisukuma mbali kwa kidole.

Darmi alishuka ngazi kama mtu anayeruka. Simu ya Ziro ilikuwa imezimwa. Akakivuta kitabu cha wageni, akakifunua, akakuta ule mwandiko wa Mama Ziro wa herufi kubwa. Josephine. POSA. Na namba.

Akapiga. Ikaita, ikaita, ikaita. Ikapokewa.

"Mama! Ni Darmi. Mama, wamekunywa! Wazee wote wamekunywa, ami yangu ameshaimaliza ya kwanza, mimi nimeshuhudia kwa macho yangu!"

Mlio wa pikipiki ulizimwa upande wa pili. Upepo ukasikika, na mbuzi mahali.

"Mama, sasa mimi ndiye nauliza." Sauti ya Darmi ilikuwa kubwa, mpaka askari akatoka kwenye kibanda chake, mpaka wazee wakatokea dirishani juu. Hakujali. "Nije ama nisije?"

Upepo.

"Mama? Nije ama nisije?"

Alisikia mtu akipumua. Hakujua ni mama au ni Ziro. Aliibana beji mpaka pini ikaingia kiganjani.

"Kwa mara ya mwisho, mama yangu. Nije ama nisije?"

Simu haikukatwa. Alitazama kioo, alama ya mafuta ya midomo bado ipo, sekunde zinaendelea kutembea. Mtu alikuwa pale, anasikiliza, na hakusema kitu.

Kimya kile, laiti kingekuwa cha kwao, Darmi angekuwa ameshaolewa.